Usisubiri Majira ya Ulaya, Subiri Mvua

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Jinja aliniandikia: "Dada, napenda sana picha za maua za karibu, lakini kwetu hakuna majira ya kuchipua. Wenzetu wana tulipu, wana krokasi zinazotokeza kwenye theluji. Sisi tutapiga nini?"

Ujumbe huo niliusoma mara tatu, kwa sababu miaka sita iliyopita na mimi nilikuwa nikisema maneno hayohayo.

Ndugu yangu, ikweta inapita katika nchi yetu, Uganda. Mchana wetu ni wa saa 12 hivi, Januari hadi Desemba. Ua la Ulaya hungoja baridi ipungue na siku zirefuke. La kwetu, mara nyingi, hungoja maji. Kiangazi kinalikausha, mvua ya Machi inaliamsha, na ya Septemba inaliamsha tena. Majira tunayo. Ila hayaandikwi kwenye kalenda, na ndiyo maana yanatupita.

Mimi yalinipita nikiwa na kamera mkononi. Nimezaliwa kwenye miteremko ya Mlima Elgon, katika shamba la kahawa, mibuni imechanganywa na migomba. Dada yangu mkubwa alinikopesha pesa nikanunua kamera kuukuu. Kisha nikajiaminisha kwamba bila lenzi ya makro, ile ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, hakuna picha, nikaenda Kampala kuitafuta. Nilizunguka maduka siku nne. Mama akapiga simu: mvua ilishanyesha siku nyingi, matumba yamevimba, rudi. Nikamwambia nakuja, mama, nakuja.

Niliporudi, maua yote yalikuwa ya kahawia, yamenyauka kwenye matawi kama majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa. Mama hakunigombeza. Alisema tu, "Yalifunguka Jumanne, mwanangu. Shamba zima lilinukia."

Sentensi hiyo bado inaniuma. Ua la kahawa hukaa wazi siku mbili au tatu tu. Mwaka mzima mmea unajiandaa, halafu siku mbili au tatu! Na mimi nilikuwa dukani nikibishana bei.

Mwaka uliofuata sikwenda popote. Mvua kubwa ya kwanza iliponyesha nilianza kuhesabu. Kahawa yetu, aina ya arabika, huchukua kama siku nane hadi kumi na mbili baada ya mvua kuvunja usingizi wa matumba. Kila jioni nilipita kati ya mistari nikiyaangalia: kwanza ya kijani, kisha meupe, yamesimama kama mishumaa midogo. Asubuhi ya siku ya tisa niliamshwa na harufu. Inafanana na asumini, lakini nzito zaidi, na inapita hata dirisha lililofungwa.

Nililala kifudifudi kwenye matope chini ya mbuni mmoja, na hapo ndipo nilipoliona ua la kahawa kwa mara ya kwanza, mimi niliyekulia humo. Petali tano nyeupe, zina mng'ao kama nta. Kati ya petali na petali kumesimama kijiti chembamba kilichobeba chavua. Katikati unatoka uzi mmoja unaogawanyika ncha mbili, kama ulimi wa nyoka. Kwenye petali moja palikuwa na tone la mvua, na ndani ya tone hilo mgomba mzima wa nyuma, umepinduka, majani chini na shina juu. Niliacha kupiga. Nilimwita mama aje aone. Aliweka jembe chini, akachungulia kwenye kioo cha kamera, akanyamaza muda mrefu.

Lenzi ya makro sikuwa nayo. Nilikuwa na lenzi ya kawaida na pete za kuisogeza mbali na kamera, basi. Ukiwa karibu hivyo, sehemu inayotoka kali ni nyembamba kuliko punje ya mchele, kwa hiyo nilipunguza tundu la lenzi hadi kipimo cha f/8 ili sehemu hiyo inenepe kidogo, nikaacha kuzungusha fokasi. Nilisogeza mwili mbele na nyuma, taratibu, huku nimebana pumzi. Wenye simu, gusa ua kwenye kioo, shikilia hadi fokasi ijifunge, kisha fanya vivyo hivyo. Nendeni kabla ya saa tatu asubuhi, upepo haujaamka. Jua likishakuwa kali, mtu akushikie kitambaa cheupe juu ya ua. Mengine ni kulala chini. Narudia: lala chini. Picha inayopigwa ukiwa umesimama inaonyesha ua jinsi mpita njia anavyoliona, na mpita njia haoni kitu.

Picha ile ya tone, hoteli moja iliichukua mtandaoni ikaichapa ukutani, jina langu likakatwa. Nilipoandika kuuliza, sikujibiwa. Nimesamehe? Bado. Siku hizi naandika jina ndani ya picha, mahali pasipokatika, na wewe fanya hivyo tangu picha ya kwanza.

Kwa kijana wa Jinja: usiniulize tena kuhusu tulipu. Tafuta kwenye vichaka ule mmea unaotambaa, ncha za majani yake zikijikunja kushika matawi, ua lake likiwa na petali sita zilizogeukia nyuma kama moto unaopeperushwa, manjano chini, nyekundu juu. Wataalamu huuita Gloriosa superba. Una sumu, kiazi chake hasa, kwa hiyo nawa mikono na usiwaachie watoto. Tafuta pia lile ua jekundu la mviringo kama mpira, linalochomoza ardhini mvua zikianza. Lisogelee uone: si ua moja, ni maua madogo kwa makumi. Yako hapo kila mwaka, ndugu yangu, na wewe unatazama theluji ya watu kwenye simu.

Jana jioni mama alipiga. Mvua imenyesha usiku mbili mfululizo, na matumba ya upande wa mtoni yameanza kuvimba. Nimehesabu. Alhamisi ijayo napanda gari la asubuhi kwenda Mbale, mji ulio chini ya mlima wetu, na kitambaa cheupe kiko mkobani tayari.