Uliza maji kwanza, mwanangu

Tukuyu, mvua bado inanyesha

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unauliza, wewe na mkamwana wangu mwende Iquitos kule Peru au Manaus kule Brazili, mkatembezwe kwa mashua ndani ya msitu wa Amazon mkipata likizo mwezi wa kumi. Kabla ya mji, mimi nashika huo mwezi wa kumi. Unajua nisemavyo siku zote: uliza maji kwanza, mashua baadaye.

Mto Amazon si kama Mto Kiwira wetu, unaofura usiku mvua ikipiga Mlima Rungwe na kushuka baada ya siku chache. Kule maji hupanda kwa miezi, na hapo Manaus tofauti ya juu na chini ni kama meta 10. Manaus hujaa kufikia Juni, hushuka mpaka Oktoba na Novemba. Iquitos iko juu zaidi mtoni, kwa hiyo hutangulia: hujaa Aprili na Mei, hukauka zaidi Septemba, na Oktoba maji huanza kurudi. Oktoba 2023 Rio Negro, mto unaopita Manaus, ilishuka pale mjini kuliko wakati wowote tangu vipimo vianze mwaka 1902, kisha mwaka 2024 ikashuka zaidi ya hapo. Kampuni itakayokuuzia safari ya Oktoba bila kukutajia hilo, iulize wazi: vijito vikikauka mtatupeleka wapi, na fedha yetu itarudi kiasi gani?

Ningekuwa mimi ningesubiri maji mengi. Mtumbwi hupita katikati ya matawi, na kima unawatazama usawa wa macho. Kumbuka tulivyokaza shingo msituni Rungwe tukimtafuta kipunji, yule kima wa kwetu, sauti tunaisikia juu kabisa, mnyama haonekani. Lakini tena najibishana mwenyewe. Maji yakiwa machache mtatembea kwa miguu nchi kavu, samaki hubanwa kwenye mabwawa, na ndege na mamba wa kule huwafuata. Mkamwana anapenda kutembea kuliko kukaa. Basi hapo sisemi.

Rangi ya maji nayo ina maana. Rio Negro ni maji meusi kama chai ya rangi, yana tindikali, na mbu ni wachache. Solimões, yaani Amazon yenyewe kabla ya kufika Manaus, na mito ya upande wa Iquitos inayotoka milima ya Andes, ni ya tope: ina rutuba, ina samaki na wanyama wengi, na mbu wake hawana huruma. Rio Negro na Solimões zikikutana mbele kidogo ya Manaus hutembea bega kwa bega kilometa kadhaa kabla ya kuchanganyika.

Sasa mashua. Hapa unisamehe, mkono unatetemeka nikiandika. Hukusahau ile siku ya Matema, pale Ziwa Nyasa, tulipopanda mashua kwenda Ikombe kwa kuwa nauli ilikuwa nafuu. Jaketi okozi zilikuwemo, nilizihesabu kabla hatujalipa. Upepo wa mwera ulipoinuka mchana ndipo nikaona zimefungwa kamba chini ya marundo ya mizigo, na kuifungua ile kamba kulihitaji watu wawili na kisu. Tulifika salama, lakini mdogo wako alikuwa na miaka minne na sikuwa na cha kumvika. Mpaka leo jambo hilo linaniuma. Kwa hiyo usiulize kama jaketi zipo. Uliza ziko wapi, ni za vipimo gani, na kama abiria huvaa kabla kamba ya gati haijafunguliwa.

Mashine nayo uiulizie. Mashua ya kwenda mbali iwe na mashine ya akiba, hata ndogo, pamoja na pangaboi la akiba na zana za kulibadilishia. Adui wa mito ile ni gogo linaloelea nusu limezama: likigonga pangaboi, panga hupinda au pini yake hukatika, na mashua isiyo na nguvu huchukuliwa na mkondo ubavu mbele. Ndiyo maana mashua ndogo haifai kukimbia usiku. Kule giza huingia karibu saa 12 jioni mwaka mzima, hivyo nahodha anayeondoka mjini saa 10 jioni kwa safari ya muda wa saa 3 anakuambia mwenyewe kwamba hajali.

Hesabu siku kwa usiku mtakaolala. "Siku 4" mara nyingi ni usiku 3: siku ya kwanza huishia njiani, ya mwisho ni kufunga mizigo, mnabaki na mbili kamili. Iquitos haina barabara ya kuiunganisha na sehemu nyingine za Peru, ni ndege au mto, kwa hiyo fikeni siku moja kabla. Wageni 8 kwa mwongozaji mmoja naona ndio mwisho. Awe mzaliwa wa mto huo, na awatoe kabla ya saa 12 asubuhi, ndege wakiamka. Akiwaahidi kubeba anakonda au kima mchanga ili mpige picha, mwacheni. Wanyama hao hutolewa msituni kwa ajili ya hizo picha. Ukiniambia Iquitos, nitakuuliza kama mtaingia hifadhi ya Pacaya-Samiria, yenye zaidi ya hekta milioni 2, au mtazungushwa pembezoni mwa mji.

Chanjo ya homa ya manjano mchomwe angalau siku 10 kabla, maana cheti huanza kufanya kazi siku ya kumi. Tangu 2016 cheti hicho ni cha maisha, na mkirudi nyumbani kutoka nchi hizo mtaombwa. Dawa ya kuzuia malaria mwulizeni daktari, msifikiri kuzaliwa Kyela ni kinga.

Ulimi unaniwasha nikutajie mji. Nimeshauandika na kuukata hapa juu, usijaribu kuusoma. Fedha ni yenu na likizo ni yenu. Lakini uliza maji kwanza. Wenye kampuni wakishakujibu, waombe picha ya mashua yenyewe, ndani, jaketi zikionekana, unitumie kabla hujalipa hata senti.

Msalimie mkamwana wangu.

Baba yako