Umemtoa jikoni kwa tajiri, usimhamishie jikoni kwako

Binti aliyefungiwa geti miaka miwili, akafanyishwa kazi za ndani bila mshahara na simu akanyang'anywa, akishuka stendi ya Nanenane hapa Dodoma mara nyingi haendi kwao moja kwa moja. Anaona aibu kurudi mikono mitupu. Anafikia kwa shangazi, kwa mama wa kanisani au kwa rafiki aliyesoma naye. Kama anafikia kwako, makala hii ni yako.

Tunaita jambo hili utumwa bila kumung'unya maneno. Sheria ya kuufuta Tanganyika ilitungwa mwaka 1922, na Ibara ya 25 ya Katiba inasema hakuna kazi ya shuruti. Ila siku hizi mnyororo una sauti laini: "Huyu ni kama mwanangu, tunaishi naye kama ndugu." Sentensi hiyo ndiyo iliyokula mshahara wake. Kwa hiyo nawe usiitumie. Mwambie atakaa kwako kwa muda gani na chakula ni juu ya nani, na kwamba hadaiwi kitu.

Asubuhi ya kwanza utamkuta ameamka saa kumi, uwanja umefagiliwa, masufuria yanang'aa. Hapa ndipo wasaidizi wengi wanapoharibu. Wanafurahi, wanasema binti ana adabu, na baada ya wiki tatu ndiye anayechota maji, anayefua na anayebeba mtoto. Usimkaripie wala usimpokonye fagio, maana atadhani amekosea. Pangeni zamu kwa siku, na wewe mwenye nyumba uwe na zamu yako. Kisha mpe ufunguo wa mlango, na kama ana chumba chake, komeo liwe la kufungia ndani. Komeo si gharama kubwa, na ndilo litakalomfanya alale.

Kuna jambo moja lisilosubiri. Kama amebakwa na saa 72 hazijapita, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzwa ndani ya muda huo, na mapema zaidi ni bora. Asioge kwanza ikiwezekana, na nguo zake ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa nailoni, zisije zikaoza kwa unyevu. Fomu ya PF3, ile anayojaza daktari kuhusu majeraha yake, hutolewa polisi, na pale kituoni ulizia Dawati la Jinsia na Watoto asije akasimulia mambo yake mbele ya kaunta. Hali ikiwa mbaya, matibabu kwanza, fomu baadaye.

Mengine yaandikwe kwenye daftari la kawaida, anapokuwa tayari, kidogo kidogo. Nani alimchukua kijijini, kwa basi lipi, mwezi gani, nani alipokea nauli, aliahidiwa kiasi gani. Asiyekumbuka tarehe hukumbuka msimu: "tulikuwa tunapalilia uwele", "zabibu zilikuwa zinavunwa". Andika hivyo hivyo, tarehe mtaitafuta. Ujumbe wa pesa za simu, hata wa shilingi 5,000, usifutwe. Halafu pigeni hesabu: kama ahadi ilikuwa Sh 60,000 kwa mwezi na amekaa miezi 28, anadai Sh 1,680,000. Wengi huiona namba hiyo kwa mara ya kwanza pale mezani, wananyamaza kitambo. Nawe nyamaza.

Madai ya kazi huenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Kuachishwa kazi hudaiwa ndani ya siku 30, madai mengine kama mshahara ndani ya siku 60. Zikipita, anaomba kuongezewa muda kwa kueleza sababu, na kufungiwa ndani ni sababu ya kuandikwa pamoja na tarehe zake. Kinachokwamisha watu wa Dodoma ni kwamba kwa kawaida shauri hufunguliwa kule kazi ilikofanyika, basi weka nauli kwenye mpango mapema. Kama alisafirishwa kwa hila ili akanyonywe, hilo ni kosa la jinai chini ya sheria ya usafirishaji haramu wa binadamu ya mwaka 2008. Akiwa chini ya miaka 18, ridhaa yake au ya mzazi haimsafishi aliyempeleka, na afisa ustawi wa jamii lazima ajulishwe. Namba 116, ya huduma ya simu kwa mtoto, hupigwa bure.

Usikimbilie kumrudisha kijijini. Aliyempokea dalali aliyekuja kumchukua huenda ni mjomba. Muulize kwanza anataka nani ajue.

Akiwa mtu mzima, msindikize NIDA, wanakotoa kitambulisho cha taifa, na barua ya serikali ya mtaa, kisha asajili laini kwa alama za vidole vyake mwenyewe. Usimsajilie kwa jina lako ili kurahisisha mambo. Laini yenye jina lako ni pochi yako, na akiba ya karanga au ubuyu anaouza sokoni itakuwa mikononi mwako hata kama nia yako ni njema.

Na siku akisema anataka kurudi kwenye kazi za ndani, kwa tajiri mwingine, usighadhibike. Ndiyo kazi anayoijua, na safari hii ameichagua. Kaa naye muandike karatasi: mshahara na tarehe ya kulipwa, saa zisizozidi 45 kwa wiki kabla ya saa za ziada, mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, likizo ya siku 28 kwa mwaka, simu inabaki kwake. Asome mwenyewe kwa sauti kabla ya kusaini, na nakala moja ibaki kwako, pamoja na ufunguo wake wa ziada.