Lezi Ndogo Haiuzwi kwa Sababu ya Mwendo, Badili Puli

Msomaji mmoja wa Morogoro kaniandikia wiki hii. Lezi yake ndogo, ile mashine inayozungusha chuma ili kisu kikichonge, inakimbia mno hata kwenye mwendo wa chini kabisa, visu vinaungua, na jirani kamshauri aiuze. Nimecheka, ila kwa uchungu. Mimi niliambiwa hayohayo pale mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, mbele ya mteja wangu, na fundi niliyekuwa namwamkia kila asubuhi: "Hiyo ya kuchongea pete, dogo. Ipeleke skrepa."

Kazi yenyewe ilikuwa drami ya breki, kipenyo milimita 180. Mwendo wangu wa chini ulikuwa mizunguko 230 kwa dakika. Zidisha 3.14 kwa 0.18 kwa 230: chuma kinapita kwenye kisu mita 130 kila dakika, wakati kisu cha haispidi (chuma kigumu cha kukatia) kwenye chuma cha kutupwa kama cha drami kinataka 20 hadi 30 hivi. Ncha ikawa bluu palepale, mashine inalia kama mbuzi wa Idi. Mteja akabeba drami yake akaenda kwa huyohuyo fundi.

Basi nikatafuta shafti, beringi mbili, na puli (magurudumu ya mkanda) mbili, moja ya kipenyo cha milimita 75 na nyingine ya 300. Ya 75 nikaivalisha mota, ya 300 ikakaa kwenye shafti mpya. Puli ya zamani ya mota nikaihamishia kwenye shafti hiyohiyo, na mkanda wake ukaendelea kuzungusha yaliyokuwepo. Mota inatoa mizunguko 1440 kwa dakika, shafti mpya inapokea 360, na chaki, kile kishikio kinachobana kazi na kuizungusha, ikashuka hadi 57. Drami ya 180 sasa inapita mita 32, kisu kinavumilia. Yule fundi siku hizi analeta drami zake kwangu. Namtoza bei ya mtaa, sipunguzi hata shilingi.

Mtaniambia nunua invata, kile kifaa cha umeme cha kubadili mwendo wa mota. Sawa, kama mota yako ni ya fezi tatu. Mota ya kapasita ya fezi moja haipatani na invata za kawaida. Tena invata inapunguza mwendo bila kukuongezea nguvu ya kukata, na feni ya mota nayo inazubaa, mota inachemka. Puli ikigawa mwendo kwa nne, nguvu ya kuzungusha inakaribia kuzidishwa kwa nne. Hapo ndipo vijana mnapopotea: mnapenda vitu vyenye vitufe.

Pimeni vizuri. Kipenyo cha hesabu ni pale mkanda unapokaa, si ukingo wa nje wa puli. Mkanda wa V wa saizi A usiuzungushe kwenye puli iliyo chini ya milimita 75, utateleza na kupasuka mapema. Unashika kwa mbavu zake, kwa hiyo ukigusa chini ya mfereji, umekwisha. Puli ichongwe njia ya kii, ule mfereji wa kipande cha chuma kinachoifunga na shafti, skrubu moja haitoshi. Na pimeni, narudia, pimeni kabla ya kukata.

Wanaotaka kuongeza mwendo badala ya kupunguza, someni kwanza kikomo cha mwendo wa chaki kilichoandikwa na mtengenezaji. Chaki za chuma cha kutupwa hupasuka zikizidishiwa, na vipande vinaruka usawa wa kifua. Mikanda nayo ifunikwe kwa bati, hasa nyie mnaofanya kazi na mikono mirefu ya shati.