Aliyesema dawa haiponyi

Mmeuliza wiki hii: mambo yakiharibika kabisa, matumaini ya kweli tunayatoa wapi? Mimi ni mtu wa Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa mwaka 1983. Makaburi yakajaa vibanjani, kwenye migomba yetu, na mabibi waliozika watoto wao wakaanza upya kulea wajukuu.

Lakini si kwamba matumaini yaliadimika. Yalikuwa tele, hata yakatuchosha: leo mganga huyu, kesho mzizi ule. Mwaka 2011 ikawa zamu ya kikombe cha Loliondo, dawa ya mitishamba ya mchungaji mmoja, shilingi 500 tu, foleni ya magari haina mwisho, vigogo na walalahoi wote wanaelekea kijijini kwake Samunge. Siwabezi waliokwenda, maana mfa maji haachi kutapatapa. Ninachokilaumu ni kwamba wapo waliorudi wakaacha ARV, dawa za kupunguza makali ya UKIMWI, wakiamini wamepona.

Shangazi yangu (ameniruhusu nisimulie) alianza ARV miaka ile ya mwanzo, serikali ilipoanza kuzitoa bure mwaka 2004. Wakati ule kuwa na virusi hakukutosha kupewa dawa. Mpaka CD4, chembe za kinga ya mwili, zishuke chini ya 200, au uwe umeshazidiwa. Zake zilikuwa zimeshuka. Muuguzi hakumpamba: "Mama, dawa hii haiponyi. Utaimeza kila siku, maisha yako yote. Mwanzoni itakusumbua, utaota ndoto za ajabu. Ukivumilia, utarudi shambani." Alirudi nyumbani amenuna. Basi ndoto zikaja, kichefuchefu kikaja, kila kibaya alichotajiwa kikaja kwa zamu yake. Hapo ndipo akaanza kuamini na ile habari ya shamba. Na jembe alilishika kweli.

Kwa hiyo jibu langu: matumaini nayatoa kwa mtu ambaye hakunificha habari mbaya. Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada, ikiwamo ya UKIMWI, kijiweni kwetu wengine walishajizika, na mkubwa mmoja akatuhakikishia kwamba hakuna kitakachopungua. Shangazi alikwenda kliniki kuuliza kama anaweza kupewa dawa za miezi sita. Akajibiwa kwamba za miezi mitatu zipo, zaidi ya hapo nao wanasubiri kuambiwa. Kwa jibu hilo alipanga msimu wake wa maharage. Maneno ya yule mkubwa hata hakuyauliza.