Koo limepona, sindano za nini?

Dada, umeuliza kwa nini mwanao achomwe penisilini kila wiki 4 wakati koo lilishapona. Pole sana. Hiyo ni homa ya baridi yabisi, na tatizo si koo tena. Bakteria walioumiza koo, aina ya streptokoka, wana protini inayofanana na mayosini, protini ya msuli wa moyo. Seli T, askari wa kinga ya mwili, zilizojifunza kuwapiga bakteria hugeukia moyo wenyewe, hasa vali, yaani milango inayopitisha damu moyoni. Kila maambukizi mapya ya koo huziamsha, kovu likaongezeka. Penisilini huzuia maambukizi hayo, kwa hiyo usiruke hata sindano moja! Ni nzito, inauma. Mwombe nesi aivingirishe viganjani ipate joto kwanza. Mtoto akianza kuhema akilala chali, au miguu ikivimba, mkimbize hospitali siku hiyohiyo.