Wasomaji Wanauliza: Njugu Mawe za Bibi

SWALI: Ndugu Mhariri, marehemu bibi yangu alipanda njugu mawe kila msimu, lakini leo kijijini kwetu mashamba ni mahindi na mihogo tu, na wanangu hula ugali mchana na usiku. Shangazi amenipa kibaba kimoja cha mbegu. Je, inafaa nihangaike nazo, ilhali majirani wanasema hicho ni chakula cha njaa kinachomaliza kuni?
Mama wa watoto watatu, Masasi

JIBU: Inafaa sana, mama, na mwaka huu usipike hata punje moja ya kibaba hicho. Njugu mawe kavu zina protini inayokaribia asilimia 20, tena protini yenye laisini kwa wingi, kirutubisho ambacho mahindi yanacho kidogo mno, kwa hiyo mtoto anayekula ugali kwa njugu mawe hupata kile ambacho ugali peke yake haumpi. Zao hili huvumilia kichanga na mvua haba, na mizizi yake huurutubisha udongo kwa naitrojeni ya hewani. Kama liliwalisha wazee mahindi yalipokauka, hilo ni la kulisifia, si la kulionea haya.

Kuhusu kuni, majirani wako wanasema kweli, na naamini mzigo huo, wala si uvivu, ndio uliowafanya akina mama wengi kuliacha. Ziloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, kisha zichemshe kwa maji mapya hadi ziive ndipo uziunge kwa tui la nazi kama wafanyavyo watu wa pwani. Zile mbichi zichemshe na maganda yake kwa chumvi. Hizo huiva upesi zaidi, na watoto huzipenda.

Panda kwenye udongo laini, na maua yakianza inulia udongo shinani, kwa kuwa maganda hukua ardhini kama ya karanga. Wakati wa kuvuna, tenga mbegu kutoka kwenye mashina yaliyozaa sana, uzikaushe vizuri na kuzihifadhi zikiwa na maganda yake, maana fukusi hushambulia upesi zilizobanguliwa. Sehemu ya mbegu hizo wape majirani wawili, hata hao wanaozibeza, ili shamba lako likiharibika msimu mmoja uwe na mahali pa kuziomba tena.