Kwa Binti Anayetaka Kuwa Kocha wa Tenisi wa Chuo Marekani

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa binti wa Tanga, ulioanza kwa shikamoo na kuishia na swali moja: "Dada, nifanye nini ili siku moja niwe kocha kama wewe?" Ujumbe huo ulinikuta ndani ya basi la timu, saa tano usiku, tukirejea jimbo la Ohio baada ya kushinda kwa pointi 4 dhidi ya 3, na wachezaji wangu wote walikuwa wamelala isipokuwa mmoja. Namjibu hapa kwa sababu najua wapo wengi wenye ndoto hiyo hiyo waliokosa mtu wa kumwuliza.

Nilizaliwa Dar es Salaam. Marehemu baba yangu alikuwa akifunga nyuzi za raketi katika klabu moja ya mjini, nami nilijifunza mchezo kwa kuokota mipira ya wanachama na kupiga ukutani kwa raketi walizokwisha kuzichoka. Mwaka 2009 nilipata ufadhili wa masomo katika chuo kidogo cha Marekani, nikachezea timu yao miaka minne, kisha nikabaki kama kocha msaidizi huku nikisoma shahada ya uzamili.

Jambo lililonifanya kocha lilitokea katika msimu wangu wa kwanza wa kazi. Katika tenisi ya vyuo, kocha huruhusiwa kuzungumza na mchezaji wake wanapobadilishana pande, na mapumziko hayo ni sekunde 90. Mchezaji wetu wa namba 6, yaani wa mwisho kwa ubora kati ya sita wanaocheza mmoja mmoja, alikuwa nyuma 3-4 katika seti ya tatu na ya mwisho, na matokeo ya timu nzima yalikuwa yamebaki mikononi mwake. Aliketi, akajaribu kufungua chupa ya maji, mkono ukatetemeka hata maji yakamwagikia kiatu. Mimi niliyaona maji yale, lakini badala ya kuyatafakari nilimmiminia maagizo manne: urefu wa mpira, miguu, upande dhaifu wa mpinzani, na mahali pa kuelekeza mpira wa kuanzisha. Akaniangalia na kusema, "Kocha, nimekusikia, ila sijui nianze na lipi."

Alipoteza. Gemu ilifika 40-40, na kwa kanuni ya vyuo hapo huchezwa pointi moja tu ya kuamua, mpokeaji akichagua upande wa kupokelea. Mpinzani alichagua upande wa kushoto, na binti yetu akakosa mipira yote miwili ya kuanzisha, akapoteza pointi na gemu. Gemu iliyofuata ilikuwa ya kukamilisha tu. Usiku ule nilinunua daftari na kuandika ukurasa wa kwanza kuhusu yeye: akiwa na hofu hushika chupa kwa mikono miwili, mwambie neno moja tu.

Basi ushauri wangu wa kwanza, na kwa kweli ndio mkubwa kuliko wote, ni kwamba uweke daftari. Andika kila mchezaji anatulizwa na maneno gani, ana mtihani lini, mama yake humpigia simu siku gani, na hukimbilia pigo lipi akibanwa. Makocha wengi vijana humjua sana mchezaji wa namba 1 kwa kuwa ndiye anayetazamwa, ilhali mechi ya timu ina pointi 7 tu: moja ya michezo ya wawili wawili, anayoipata timu iliyoshinda miwili kati ya mitatu, na sita za mmoja mmoja, na pointi ya namba 6 ina uzito ule ule wa pointi ya namba 1. Anayemdharau wa mwisho amejinyima mwenyewe.

Daftari hilo lilinisaidia hata nilipodhulumiwa, na nisingependa kulificha hilo. Nilikuwa msaidizi kwa miaka sita katika chuo fulani cha daraja la kwanza la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani. Kocha mkuu alipostaafu mwaka 2021 nilidhani zamu yangu imefika, kwani wachezaji watano kati ya wanane tuliokuwa nao niliwatafuta mimi. Nafasi alipewa mwanamume ambaye hakuwahi kufundisha timu ya wanawake hata msimu mmoja, nami nikaambiwa kwamba sina mtandao wa kutosha wa kutafuta vipaji. Hadi leo nikilikumbuka neno hilo kifua hunibana. Ilipopitishwa Title IX mwaka 1972, sheria iliyozuia ubaguzi wa kijinsia katika elimu, zaidi ya asilimia 90 ya timu za wanawake vyuoni zilifundishwa na wanawake. Fedha zilipoongezeka wanaume wakazifuata kazi hizo, na leo sisi hatufiki nusu. Dada zangu, mlijue hilo kabla hamjafungasha mizigo. Lakini mjue pia kwamba Lele Forood alikuwa msaidizi wa kocha Frank Brennan katika timu ya tenisi ya wanawake ya Chuo Kikuu cha Stanford kwa miaka mingi kabla ya kukabidhiwa timu, na akatwaa mataji 10 ya taifa, sawa na ya mtangulizi wake. Usaidizi si aibu. Kaa, jifunze, andika.

Kuhusu kutafuta wachezaji, kanuni hubadilika na ni wajibu wako kuzifuatilia. Hadi mwaka 2025 timu ya wanawake ya daraja la kwanza iliruhusiwa kutoa ufadhili kwa wachezaji 8, na ya wanaume ilikuwa na ufadhili kamili 4.5 wa kugawanya kati ya wachezaji wake, sasa vyuo vilivyojiunga na utaratibu mpya wa kuwalipa wachezaji moja kwa moja vina kikomo cha wachezaji 10 katika timu. Zamani nikiitaja Afrika Mashariki kwenye vikao niliulizwa habari za wakimbiaji tu. Tangu Angella Okutoyi wa Kenya aliposhinda taji la vijana la wasichana wawili wawili huko Wimbledon mwaka 2022, kisha akaenda kuchezea Chuo Kikuu cha Auburn, wenzangu hunisikiliza hadi mwisho.

Yule aliyekuwa macho ndani ya basi ndiye aliyepoteza mechi yake siku ile, ingawa timu ilishinda. Nilihamia kiti cha jirani yake na sikusema kitu kwa muda wa nusu saa hivi. Hatimaye akaniambia kwamba bega linamuuma tangu Januari na aliogopa kupoteza nafasi. Niliwasha taa ndogo ya juu, nikaandika, nikamwonyesha nilichoandika, naye akarekebisha tarehe.

Binti wa Tanga, umeniambia kwamba kila Jumamosi unawafundisha watoto tisa. Anza nao wiki hii. Ukishajaza kurasa 20 kuhusu watoto hao, zipige picha unitumie, nami nitazisoma zote.